Jinzi Itakuwa Yetu Lini?

Kila mwaka hufika majira ambayo habari za mavazi hujaa kila mahali. Katika Februari na Machi, tena katika Septemba na Oktoba, miji minne mikubwa, yaani New York, London, Milan na Paris, hufanya juma la maonyesho ya mitindo. Kampala nayo haikukubali kuachwa nyuma. Mwaka 2014 Bi. Gloria Wavamunno alianzisha Kampala Fashion Week, na vijana wa mji huu wakapata jukwaa la kuonyesha kazi za mafundi wa kwetu.

Lakini mtu akichunguza vizuri ataona kwamba siku hizi macho ya watu hayako jukwaani tu. Yako pia mlangoni na barabarani. Wapiga picha husimama nje ya ukumbi wakiwangoja watu wanaoingia na kutoka, maana wasema kwamba mtindo wa kweli ni ule utembeao kwa miguu. Bwana Bill Cunningham wa gazeti la New York Times, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Miaka mingi alizunguka mjini kwa baiskeli akiwapiga picha wapita njia, na mwenyewe alivaa koti la buluu la vibarua wa Ufaransa. Mtu aliyewatazama matajiri kila siku alichagua kuvaa nguo ya mfanya kazi. Nawaomba mlikumbuke koti lile, kwa sababu nguo nitakayoizungumza leo nayo ni ya buluu, na mwanzo wake nayo ilikuwa ya kibarua.

Nguo hiyo ni jinzi. Mtu akipita siku ya Jumamosi katika Namirembe Road, au Wandegeya, au Kololo, ataona jinzi za kila namna: zilizobana, zilizo pana kama magunia, zilizochanika magotini, zenye viraka vya rangi mbili tatu, sketi zilizotolewa katika suruali, na makoti yaliyokatwa mikono. Kondakta wa teksi huvaa jinzi, dereva wa bodaboda huvaa, mwanafunzi wa chuo huvaa, na bwana mkubwa wa ofisi huvaa siku ya mapumziko. Hakuna vazi jingine linalowakusanya watu wengi namna hii.

Swali langu ni moja tu: je, jinzi hii ni nguo yetu, au ni nguo ya watu ambayo sisi twaitembeza? Wengine watajibu upesi kwamba ni ya Wamarekani, basi. Wengine watajibu kwamba aliyeinunua kwa fedha yake ndiye mwenyewe. Mimi sikubaliani na upande wowote. Nasema kwamba nguo huwa ya watu siku fundi wao anapoikata, akaishona na kuitengeneza kwa akili yake mwenyewe. Kuivaa peke yake hakutoshi. Tukilifahamu jambo hilo tutajua tufanye nini na jinzi, na mitumba, na hata na maonyesho yetu ya mitindo.

Tutazame kwanza mambo ya zamani. Vazi la asili la Buganda ni nguo ya gome, olubugo, inayotolewa katika mti wa mutuba na kupigwa kwa nyundo za mti mpaka iwe laini. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kazi hiyo kuwa moja ya urithi mkubwa wa wanadamu. Hiyo ni yetu bila ubishi. Kisha, katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilileta vitambaa vya pamba. Kulikuwa na merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja kwa merikebu. Ndiyo sababu kikaitwa kwa jina la nchi yake. Kulikuwa na kaniki pia, kitambaa cha buluu iliyokoza sana, kutoka Bara Hindi. Basi msidhani kwamba pamba ya Marekani na rangi ya buluu ziliingia kwetu jana pamoja na jinzi. Zilibebwa vichwani mwa wapagazi kabla babu za babu zetu hawajaona gari. Na mzigo wa nguo aliofungiwa mpagazi uliitwa mtumba. Jina hilo hilo ndilo lililopewa nguo kuukuu ziletwazo katika mafurushi, yaani mitumba. Na Waganda huziita mivumba.

Kanzu nayo ilitoka pwani. Lakini tazameni Mganda alivyoitengeneza: aliitia tarizi nyekundu, akavaa koti la Kizungu juu yake, na leo hakuna sherehe ya kwanjula iliyo kamili bila kanzu. Gomesi la mama zetu nalo lilianza mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake ni la fundi wa Kigoa, Bwana Gomes, ambaye husimuliwa kwamba aliwashonea wasichana wa shule ya Gayaza. Leo ni nani atakayethubutu kumwambia nyanya yake kwamba gomesi ni nguo ya kigeni? Atafukuzwa uani. Nguo hizi mbili hazikuwa zetu kwa kuvaliwa tu. Zilikuwa zetu kwa sababu mikono ilizigusa, ikaongeza hapa na kupunguza pale, mpaka zikafanana na sisi.

Sasa tuifuate jinzi mpaka kwao. Huko hatukuti mfalme wala jukwaa. Twakuta fundi wa mtaani. Bwana Jacob Davis alikuwa mshonaji katika mji wa Reno, katika jimbo la Nevada, akishona mahema, mablanketi ya farasi na vifuniko vya magari ya kukokotwa. Mke wa mkata kuni mmoja alimwendea akamwomba amshonee mumewe suruali isiyochanika upesi. Fundi akachukua ribiti za shaba, vile vijisumari alivyozoea kuvitumia katika mablanketi ya farasi, akazigongomea katika pembe za mifuko, kwa kuwa hapo ndipo suruali za vibarua zilipokuwa zikianza kuachia. Suruali ile ikasifiwa, na wengine wakaitaka. Davis alipoona hivyo alimwandikia Bwana Levi Strauss wa San Francisco, mfanya biashara aliyekuwa akimwuzia vitambaa, na tarehe 20 Mei 1873 wakapata hati ya serikali kuulinda uvumbuzi wao.

Na kitambaa je? Jina la denim hutajwa kuwa limetoka katika mji wa Nîmes, Ufaransa. Na lile neno la Kiingereza ambalo watu wa pwani waliligeuza wakasema dangirizi, asili yake ni Dongri, mtaa wa Bombay ulikouzwa kitambaa kigumu cha mabaharia na vibarua. Yaani hata Mmarekani mwenyewe aliazima kitambaa kwa wengine. Alichotia cha kwake ni ribiti, na kwa ribiti ile jinzi ikawa ya Marekani mbele ya dunia nzima. Hilo ndilo somo ninalotaka tulishike.

Yafaa pia tujue kwa nini jinzi hufifia namna yake ya pekee. Kitambaa chochote kina nyuzi za mtande, zilizonyoshwa kwa urefu, na nyuzi za mshindio, zipitazo kwa upana. Katika jinzi mtande hutiwa rangi ya nili, na mshindio huachwa mweupe. Tena nili haizami mpaka kiini cha uzi. Hukaa juu juu. Kila suruali isuguliwapo, rangi hutoka kidogo na weupe huonekana. Kwa hiyo jinzi huonyesha kazi ya mwenyewe: magoti ya fundi wa magari, paja la mchukuzi, mfuko palipokaa simu. Alama hizo mtu huzipata kwa kuzifanyia kazi.

Matajiri walipozitamani alama zile bila kazi yenyewe, viwanda vilianza kuzichakaza suruali mpya kwa kuzipulizia mchanga kwa nguvu. Vumbi lake liliwatia vibarua wa Uturuki ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, nao hauna dawa ya kuuponya. Vijana wakafa. Serikali ya Uturuki ikaipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009. Basi kijana anayelipa fedha nyingi zaidi ili apewe suruali mpya iliyochakazwa, na afikiri kidogo ni nani aliyeichakaza, na kwa pumzi ya nani.

Sasa turudi Kampala. Jinzi zetu nyingi hufika katika mafurushi ya kilo 45 hivi, yaliyofungwa na kubanwa kwa nguvu, kutoka Ulaya, Marekani, Kanada na hata China. Hushushwa Mombasa, hupita Malaba au Busia kwa malori, na mengi huishia soko la St. Balikuddembe, ambalo sisi sote twaliita Owino, pale kando ya uwanja wa Nakivubo. Mwuzaji hununua furushi bila kujua vizuri kilichomo. Hulikata, na wanunuzi waliodamka huchagua zilizo bora kwa bei ya juu. Jua likipanda bei hushuka, na zilizobaki hutupwa katika rundo la bei moja.

Wengi hufikiri kwamba biashara huishia hapo. Haiishii hapo. Ndani ya soko, na katika vichochoro vya Kiyembe, wameketi mafundi wenye vyerehani vya miguu. Mtu huchukua suruali ya Mzungu mrefu mnene, humpelekea fundi, na baada ya muda huondoka na suruali yake mwenyewe. Fundi amepunguza kiuno, ameingiza pembeni, na amefupisha mguu. Mtu asidhani kwamba kazi hiyo ni ya mchezo. Jinzi ni kitambaa kizito, na penye mshono wa pembeni huwa kimekunjwa mara kadhaa; sindano nyembamba huvunjika hapo hapo. Fundi ajuaye hutia sindano nene, namba 16 au 18. Huupiga mshono kwa nyundo ili ulegee. Na afikapo penye unene huliacha kanyagio, akalizungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ivuke. Akifupisha mguu, haupotezi upindo wa kiwandani. Huukata na kuushona tena mahali pake, ili mtu asijue kwamba suruali imeguswa.

Mafundi hawa hawangoji habari kutoka Paris. Yapata miaka kumi na mitano iliyopita kila kijana alitaka suruali iliyobana kama ngozi ya mguu, na suruali pana za miaka ya 1990 zilidharauliwa. Mitindo ya dunia ilipogeuka, na upana ukarudi, vijana wa Owino hawakuhangaika: nguo kuukuu ni ghala ya mitindo yote iliyopita. Asiyepata suruali pana alimwambia fundi aipasue ile nyembamba pembeni na kutia kipande cha suruali nyingine, chenye buluu tofauti. Hilo lilikuwa jibu la fundi kwa shida ya mteja wake, kama vile Davis alivyomjibu mke wa mkata kuni.

Na wapo waliolipeleka jibu hilo mbali. Bwana Bobby Kolade alikulia hapa Kampala, akasomea ubunifu wa mavazi Berlin, akafanya kazi Paris, kisha akarudi. Mwaka 2022 alitoa nguo za kwanza za kampuni yake, BUZIGAHILL, aliyoiita kwa jina la kilima cha hapa hapa. Alichukua nguo kuukuu za Owino, akazikata na kuziunganisha upya, kisha akaziuza kwa watu wa nchi zile zile zilikotoka. Kazi hiyo aliipa jina la Return to Sender, kama barua inayorudishwa kwa aliyeituma. Nguo ni zile zile zilizotupwa kama takataka. Kilichoongezwa ni mkasi, sindano na akili, na kwa hayo matatu bei yake ikapanda na heshima yake ikapanda.

Najua wapo wasiokubaliana nami, na hoja zao zafaa zisikilizwe.

Wa kwanza ni wale wasemao kwamba jinzi ni vazi la uhuni, hasa ile iliyochanika. Hoja hiyo si mpya. Katika miaka ya 1950 shule nyingi za Marekani ziliwakataza wanafunzi kuvaa jinzi, wakidhani kwamba kijana wa jinzi ni mhuni kama wale wa sinema. Hapa kwetu, mwaka 1972, serikali ya Idi Amin ilizipiga marufuku sketi fupi. Mwaka 2014 ikaja Sheria ya Kupinga Ponografia, ambayo watu waliiita sheria ya sketi fupi, na baada ya kutiwa sahihi wanawake kadhaa walishambuliwa na kuvuliwa nguo barabarani na makundi ya wanaume. Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu vyake vikuu mwezi wa Agosti 2021. Nauliza: ni nani aliyepata adabu njema kwa amri hizo? Wale waliomvua mama nguo mbele ya watu ndio waliokosa adabu, hata kama wao wenyewe walivaa suruali zilizopigwa pasi. Nakubali kwamba kila mahali pana vazi lake, na kwamba mtu haendi msibani wala kanisani wala msikitini na magoti nje. Lakini hilo ni jambo la kufundishwa nyumbani kwa utaratibu. Tena wazee wetu wakumbuke bugaluu walizovaa katika miaka ya 1970, suruali zilizofagia barabara kuliko wafagizi wa manispaa. Baba zao nao walilalamika.

Wa pili ni wale wasemao kwamba mitumba yote ipigwe marufuku. Hawa hoja yao ina uzito, nami siwezi kuipuuza. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole. Marekani ikanung'unika, na nchi moja moja zikaanza kurudi nyuma. Rwanda peke yake ikashikilia kodi yake kubwa, na mwezi wa Julai 2018 Marekani ikaiondolea nafasi ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Mwezi wa Agosti 2023 Rais Museveni naye alitangaza vita juu ya mitumba, akasema kwamba ni nguo za watu waliokufa huko Ulaya. Wafanya biashara wa Owino wakashtuka, maana humo ndimo wanamopata karo za watoto.

Wapinzani wa mitumba husema kwamba taifa linalovaa mabaki ya wengine halina heshima, na wahenga walikwisha kusema: nguo ya kuazima haisitiri matako. Husema pia kwamba fundi wetu hawezi kushindana na shati lililotolewa bure na mwenyewe. Na jambo linalouma zaidi ni pamba. Mwaka 1903 Bwana K. E. Borup wa misheni ya CMS alileta mbegu za pamba, zikagawiwa machifu wa Buganda. Kufikia mwaka 1970 Uganda ilikuwa ikitoa marobota zaidi ya 400,000 kwa mwaka. Jinja kulikuwa na kiwanda cha Nytil, kilichojengwa katika miaka ya 1950 na kuendeshwa kwa umeme wa Owen Falls, na watoto wengi wa shule walivaa kitambaa chake. Kisha zikaja taabu za miaka ya 1970 na 1980, pamba ikaanguka, viwanda vikadhoofika. Hata leo sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje bila kufumwa. Sisi twalima pamba, wengine wafuma, wengine wavaa, kisha sisi twanunua walichokwisha kuvaa. Mtu mwenye moyo hawezi kuisikia habari hiyo bila kuona haya.

Hata hivyo nasema kwamba marufuku peke yake haitaifanya jinzi kuwa yetu. Mlango ukifungiwa mitumba kesho asubuhi, atakayeingia si fundi wa Kiyembe, bali suruali mpya ya bei ndogo kutoka viwanda vya mbali, iliyokwisha kushonwa kila kitu, isiyohitaji mkono wetu hata kidogo. Na fundi aliyejifunza kazi kwa kurekebisha suruali za Owino atakosa kazi kabla ya kiwanda chetu kufunguliwa. Mitumba, pamoja na aibu yake, imekuwa shule. Mtu hujua jinsi suruali ilivyoundwa anapoifumua na kuiunga tena. Si busara kuibomoa shule kabla wanafunzi hawajahitimu. Ujuzi utangulie, viwanda vifuate, hapo mitumba itapungua yenyewe, na kama amri itahitajika, itakuta watu wamejiandaa.

Basi tufanye nini? Nina maneno kwa watu wa namna tatu.

Kwanza, kwetu sisi wanafunzi. Siku za Jumamosi, tunapovua sare na kuvaa nguo za nyumbani, tumezoea kutazamana viunoni, kusoma kibandiko cha nyuma na kukisia bei. Mwenye jina kubwa huinua kichwa. Mwenye suruali isiyojulikana hujificha bwenini. Wako wenzetu wasiotoka siku hiyo kwa sababu ya maneno tu. Huu ni ujinga mtupu, kwa kuwa suruali zote mbili huenda zilitoka katika furushi moja. Tuache kusoma kibandiko. Tujifunze kusoma mshono. Geuza suruali ndani nje, utazame: je, uzi umekaa sawa? Mshono umekunjwa mara mbili? Pembe za mfuko zimetiwa nguvu? Kitambaa ni kizito? Hapo utajua nguo njema, hata kama haina jina.

Tena tushike sindano. Nasikia wavulana wakisema kwamba kushona ni kazi ya wasichana. Mbona Davis alikuwa mwanamume? Mbona Gomes alikuwa mwanamume? Mbona mafundi wengi wa Kiyembe ni baba wa watu? Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 wataka kila mwanafunzi afanye mradi wa kazi, si kukariri tu. Chama cha ushonaji shuleni kitakuwa mradi mzuri kuliko vingi. Mwanafunzi atiaye kiraka katika suruali yake leo, na kesho ya mwenzake kwa malipo kidogo, amekwisha kuanza biashara. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipotia kiraka utanunua suruali.

Pili, kwenu ninyi mliopita hapa kabla yetu. Wengi wenu sasa ni mawakili, madaktari, wahandisi, na baadhi mna sauti katika wizara na mabenki. Kila mwaka hutuletea vikombe vya michezo, nasi twashukuru sana. Mwaka huu twaomba vyerehani vinne na fundi mmoja wa kutufundisha siku moja kwa juma. Tena mnapoandaa karamu yenu ya mwaka, msiagize makoti kutoka Dubai. Mpelekeeni kazi fundi wa hapa, mkampe muda wa kutosha na malipo ya haki. Na wale wenye uwezo wa kuweka fedha katika kiwanda, wakumbuke kwamba pamba ya jinzi yalimwa Uganda kila mwaka, nayo yangoja mtu wa kuifuma.

Tatu, kwa waandaaji wa maonyesho ya mitindo. Mbunifu hutoka mwisho akainama, watu wakapiga makofi, naye astahili. Lakini aliyekesha na cherehani hatajwi. Katika karatasi ya maonyesho, chini ya jina la mbunifu, liandikwe jina la fundi aliyeshona na mahali pa kazi yake. Jambo hilo halina gharama. Litamletea fundi wateja, na litamfundisha kijana kwamba kazi hiyo ina heshima. Na wapiga picha wanaosimama mlangoni wakitafuta mtindo wa barabarani, wateremke pia mpaka Owino, maana huko ndiko mtindo huo unakotoka.

Nilianza kwa kuuliza jinzi itakuwa yetu lini. Jibu langu ni kwamba imekwisha kuanza kuwa yetu, lakini bado haijamaliza. Mkasi na sindano vimekwisha kuigusa. Bado kitambaa, bado uzi, bado jina la fundi kuandikwa ndani ya kiuno badala ya jina la mtu wa San Francisco. Itakapofumwa kwa pamba ya Teso na Lango, ikakatwa Kampala, ikavaliwa na kijana asiyemcheka mwenzake, hapo hakuna atakayeuliza tena ni ya nani, kama vile hakuna aulizaye leo habari za gomesi.

Kwa sasa, mwenye suruali iliyoachia mshono asiitupe. Aitafutie uzi.